Jina la Mke wa Halvor

Kitabu cha historia ya kijiji chetu cha Nordli kimenichosha. Reli iling'olewa, shule ikafungwa, ghala la nafaka likaangushwa asubuhi moja kabla hatujamaliza kahawa. Sisi tuliobaki, tusiojaza hata mabenchi matatu kanisani, tukaamua tuandikwe kabla hatujaisha, na kazi nikatupiwa mimi. Jimbo zima la Saskatchewan, hapa Kanada, limejaa vitabu vya namna hii.

Kila ukoo uliniletea ukurasa wake. Farasi wana majina. Hata fahali wa akina Rud, aliyemrusha mchungaji mtaroni, ana jina. Wanawake wote ni mke wa Nils, mke wa Peder. Nilipandwa na hasira, nikapita nyumba kwa nyumba mpaka nikayapata majina yao, ila moja: mke wa Halvor Bakken, aliyefika hapa kabla ya wote, akaishi kwenye kibanda cha udongo na kuzalisha nusu ya Nordli. Hata kaburini wameandika Mke wa Halvor. Na kitabu kinakwenda kwa mchapaji Jumatatu.

Amebaki mmoja tu aliyemjua, Torleif Rud, jirani yangu wa tangu niolewe, ambaye sasa yuko kwenye nyumba ya wazee mjini. Nikaendesha gari hadi huko nikiwa hoi.

"Mzee Torleif, yule aliyekuzalisha aliitwa nani?"

"Mke wa Halvor."

"Jina lake mwenyewe!"

"We nawe! Ndo kwanza natoka tumboni, nimuulize jina?" Alicheka mpaka akakohoa.

"Lakini si ulikulia pale pale kwake?"

"Kila Jumapili tulikuwa kwake. Alikuwa anatuongezea sukari Halvor akigeuka." Kicheko kikamwishia. "Halvor mwenyewe alikuwa anamwita 'wewe'. Sijawahi kusikia jingine. Aibu gani hii."

Nikajua jina limeshapotea. Nilifunga kalamu, machozi yananilenga, nikamvalisha soksi zake kama kawaida yangu.

"Usinune basi, mke wa Einar," akasema.

Mikono yangu ikasimama. "Na mimi, Torleif, naitwa nani?"

Alinitazama. Kisha akageukia mlangoni, akimtafuta Einar aje amsaidie.

Einar tulimzika mwaka juzi. Ndiye wa mwisho aliyekuwa akiniita Borghild.