Pumzi ya Shekina

Shekina alipojifungua, mgongo ulimshika hata kuinama hakuweza. Tamar, mwalimu wa yoga, alimtandikia mkeka na kumfundisha yoga polepole, mpaka akapona na kuwa mwalimu mwenzake. Kila somo Tamar alilifungua kwa Baba Yetu.

Jumapili hii Shekina alisimama kanisani kutoa ushuhuda, maana kwaya aliyoimba ilikuwa imemwambia achague kati ya kuimba na yoga.

“Ile yoga ya Mama Tamar iko ya mashetani,” alisema. “Minyi nimeiacha.”

Macho yote yakamgeukia Tamar. Sauti ya Shekina ikaanza kutetemeka. Akaweka mkono tumboni, akavuta pumzi kwa pua, akaitoa taratibu, vilevile Tamar alivyomfundisha. Kisha akaendelea kumchafua, sauti yake imetulia.