Chapa ya Topeni

Mwaka ule wa 1955, pale kijitoni Essex, Uingereza, Len Mussett hakumwamini hata paka wake. Mashua yake, mitumbwi miwili myembamba iliyoungwa kwa sitaha, ilikuwa kitu kigeni. Jumamosi klabu ya mashua ingezishindanisha mashua za namna hiyo, na itakayoshinda ndiyo ingekuwa mfano: wote watakaoshindana baadaye wajenge kama hiyo, kwa jina la aliyeibuni. Basi michoro kaifungia bandani, na mashua kaifunika turubai.

"Umeifunika gubigubi kama bi harusi, Len," Edie wa baa akamtania. "Bwana harusi nani?"

Baa nzima ikaangua kicheko. Len hakucheka. Ametoka kuiona mashua ya Cyril Ketley, jirani wa ng'ambo ya kijito, na tumbo la mashua hiyo ni lile lile alilolihangaikia Len majira mawili ya baridi. Nani kamwonyesha? Ufunguo wa banda wanao wawili tu, yeye na mdogo wake Wilf. Na Wilf siku hizi haachani na dada yake Ketley.

Akamkabili mdogo wake palepale baani.

"Umempa nini Ketley?"

"Mimi?" Wilf akaweka bilauri chini. "Gundi yako haijanitoka vidoleni, kaka, nawe unaniita mwizi mbele ya Edie?"

"Ndiyo maana ukang'ang'ania tuiondoe mashua pale topeni, tuipeleke Burnham wiki nzima! Aione vizuri bila turubai, siyo?"

Wilf akatoa ufunguo mfukoni, akautumbukiza ndani ya bia ya Len, akaondoka.

Kesho yake Len aliipeleka mashua gatini. Maji yalipokupwa akarudi kuchukua nanga, akasimama kama aliyepigwa kofi. Pale mashua ilipokuwa ikilala, tope lilikuwa na mifereji miwili, kila ubavu umejichora. Kando yake, pembeni mwa mfereji wa zamani uliobaki wiki waliyoipeleka mashua Burnham kwa majaribio, kulikuwa na mabonge meupe ya jasi iliyomiminwa humo, ile ya kufungia mguu uliovunjika. Nyayo za mabuti zilielekea kwa Ketley. Miezi yote kafunika juu, kumbe chini tope linapiga chapa!

Jumamosi ikafika. Mashua ile haiendi bila mtu wa pili wa kukaa upande wa upepo, na Wilf alikuwa gatini, mikono kifuani.

"Njoo, bwana. Nimekukosea. Ni tope."

"Hunikagui mifuko kwanza?"

Watu wakacheka. Len akainamisha kichwa. Wilf akaruka ndani.

Walipozunguka boya la kwanza, Ketley alikuwa mbali nyuma, akikokota povu zito.

"Mashua yake ina kitambi," Wilf akasema. "Yetu ikitikisika pale, mfereji wa topeni unatanuka. Kanakili mpaka unene usiokuwepo."

Len akafurahi, pengo linazidi. Halafu akamgeukia Wilf.

"Wewe umejuaje? Mimi nimesema tope tu; sikusema kanakili."

Wilf hata hakugeuka. "Vuta kamba, Len."