Magunia ya Alhamisi

Mashine ya kupulizia salfa ya marehemu Abuu iliibwa wiki ileile mikorosho ya Kitangari ilipoanza kuchanua, na hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Ua la mkorosho likikosa salfa kwa wakati wake huliwa na ubwiri unga. Hugeuka jeupe kama limepakwa unga wa muhogo, hunyauka, na mwaka umekwisha. Bi Hajira, mjane wa Abuu, alikuwa na mikorosho sitini na miwili na mashine moja. Sasa alibaki na mikorosho tu.

Hakulia mbele ya watu. Alijifunga kanga yake vizuri, akaenda kwa Shehe Nurdini.

"Nataka nisomewe halbadiri."

Shehe akatikisa kichwa. "Mama Faidha, hiyo si dua ya kuombea mvua. Ikishatoka mdomoni hairudi. Itamfuata aliyechukua mpaka ndani ya shuka lake."

"Na imfuate."

Basi Jumatatu mbiu ikapigwa, kutoka msikitini mpaka kwenye bomba la maji: aliyechukua mashine ya mjane airudishe, la sivyo Ijumaa baada ya swala atasomewa. Kijiji kikanywea. Hata mwenye jipu lake la siku nyingi alilificha, watu wasije wakasema dua imeanza kumshika kabla haijasomwa.

Asiyekuwa na subira ya kungoja Ijumaa alikuwa Dastani, mkuu wa sungusungu. Mwezi ule mzima watu walikuwa wameibiwa kuku, majembe, hata nguo kwenye kamba. Vijana wake wakazunguka njia zote na fimbo mikononi. "Tukimjua mapema," alisema, "hao mashahidi wenu wa Badiri mnaowaita kwa dua watakuta kazi imekwisha." Wala hakuwa anatania. Mwizi wa mbuzi waliyemkamata mwaka uliopita alipona, lakini mguu wake haukunyooka tena.

Jumatano, baada ya swala ya alfajiri, Bi Hajira alichukua ndoo yake kwenda bombani. Umande ulikuwa mzito na hakukuwa na upepo, saa nzuri ya kupuliza salfa. Mashine zilikuwa zinalia huku na huku, kama kila alfajiri ya msimu. Ndipo akaisikia moja iliyomsimamisha njiani. Ilikohoa mara tatu, ikanyamaza, ikakohoa tena, kisha ikashika, na ndani ya mlio wake kulikuwa na mtetemo kama wa nyigu aliyefungiwa kwenye kopo. Lilikuwa lile bomba la moshi alilolifunga Abuu kwa waya. Miaka kumi na mmoja sauti ile ilikuwa imemwamsha kitandani. Angewezaje kuisahau?

Ilikuwa inatoka bondeni, kwenye mikorosho ya Mahmudu.

Bi Hajira aliitua ndoo chini. Mahmudu alikuwa mtoto wa dada yake Abuu, na ubwabwa wa utotoni aliula nyumbani kwa mjomba. Kwa desturi ya wazee wa huku, cha mjomba humwendea mpwa. Siku ya kugawa mirathi shehe alifuata sheria ya dini, mashine ikaangukia fungu la mjane, na Mahmudu akaitikia amina pamoja na wenzake. Kumbe amina ile iliishia mdomoni. Moyoni mwake hakuwa ameiba, alichukua cha mjomba wake. Huenda alitaka kupuliza siku mbili tatu kisha airudishe kimyakimya. Mbiu ikamkuta nayo mikononi, na jina la mwizi limekwisha kumvaa. Mikorosho yake nayo haisubiri, basi akajidanganya kwamba katika mashine nyingi zinazolia hakuna atakayeibagua yake.

"Ya Rabi," alisema Bi Hajira, "nimemwitia mauti mtoto wangu mwenyewe."

Maana aliiamini ile dua. Aliamini kwamba ikisomwa Ijumaa, Mahmudu angevimba tumbo na angezikwa kabla korosho hazijaanguka. Na je, akimtaja leo? Fimbo za Dastani hazingengoja hata kuuliza habari za wajomba na wapwa. Akiifuta tu halbadiri, mashine haitarudi, na maua hayo hayawezi kukaa wiki nyingine bila salfa. Alifikiri kwenda kwa Mahmudu mwenyewe, akaona sivyo. Mwanamume akishikwa na aibu hukana hata kivuli chake, na akishakana mara moja itambidi akane mpaka mwisho.

Ndoo ilirudi nyumbani tupu. Yeye akaenda moja kwa moja kwa shehe, akamkuta amekaa barazani na Dastani.

"Shehe, bibi yangu alikuwa mtu wa Lukuledi," alianza. "Alinisimulia kwamba zamani, kabla ya kumlaani mwizi, alikuwa anafunguliwa mlango kwanza. Kila nyumba ilibeba gunia lililofungwa, ikaliingiza kwenye nyumba moja yenye giza. Ukipenda tia majani, ukipenda tia mchanga, bora liwe zito. Mwenye cha watu anatia cha watu. Hakuna kuulizana."

Dastani akacheka. "Mama, mwizi ndiye wa kufunguliwa mlango? Tumkaribishe na chai?"

"Unataka mwizi au unataka mashine?"

"Vyote."

"Mashine ni yangu mimi. Nataka mashine."

"Na fimbo zetu?"

"Zitafaa kuwachungia mbuzi."

Shehe alijipangusa uso kuficha kicheko. Alipozungumza, alikuwa amekwisha amua. "Dua ni ya mwenye kudhulumiwa. Akitaka kumpa mtu siku moja ya kutubu, mimi ni nani nimzuie? Kesho tangu asubuhi mpaka alasiri. Ghala la msikiti liko tupu. Na wewe Dastani, watu wako waondoke njiani. Atakayechungulia gunia la mwenzake atatoa jogoo."

Mbiu ikapigwa upya jioni ileile, na Alhamisi ikafanana na siku ya mnada. Watu walikuja na magunia ya korosho kichwani, ya rangi moja na ukubwa mmoja, hata huwezi kujua lipi la nani. Veridiana, jirani yake Bi Hajira, alifika akihema.

"Mama Faidha, na sisi wa misa tunaleta? Hao Badiri wananijua mimi?"

"Hawaulizi dini, mama."

"Basi ngoja nirudi nikalete la pili!"

Watu wakaangua kicheko. Bi Hajira naye alicheka, lakini macho yake hayakutoka njia ya bondeni. Adhuhuri ikapita. Mahmudu hajaonekana. Ikakaribia alasiri. Ndipo akamwona akipanda kilima, gunia begani, macho chini. Aliingia ghalani, akatoka, akapita mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Hakuna zaidi. Na hata hapo hakuwa na hakika, maana gunia ni gunia. Pengine ni mchanga tu.

Baada ya swala shehe na Bi Hajira waliingia ghalani, wakafunga mlango na kuanza kufungua kwa mwanga wa tochi ya simu. La kwanza, majani ya mikorosho. La pili, mchanga. La tatu, majembe mawili na sufuria. Shehe akaguna. Likafuata lenye kisiki, kisha lenye suruali tatu zilizokunjwa vizuri, kisha lenye kuku hai, miguu imefungwa, aliyewatazama kwa hasira. "Subhanallah," alisema shehe, "kumbe tulikuwa tunaishi hivi?" Bi Hajira akafungua jingine. Alikuwa anahesabu yaliyobaki. Kumi. Saba. Mchanga, mchanga, majani. Yakabaki mawili.

Alipoligusa moja, harufu ya petroli ikampanda puani. Akafungua kamba. Mashine ilikuwa imefungwa katika shuka safi, imefutwa vumbi, na tangi lake limejazwa mafuta mpaka juu.

Akaketi palepale juu ya mchanga wa watu. "Alhamdulillahi," alisema, akairudia mara tatu.

Shehe akalimulika lile gunia kwa tochi. "Gunia la nani hili, Mama Faidha?"

"Hakuna kuulizana, shehe."

Nje walitangaziwa kwamba halbadiri haisomwi. Wanawake wakapiga vigelegele. Veridiana alipomwona kuku alipiga ukelele zaidi ya wote, maana alikuwa wake, na Dastani akapewa kazi ya kuwatafuta wenye suruali.

Ijumaa alfajiri Bi Hajira alikuta mtu amesimama uani.

"Nimekuja kukupulizia, mama," alisema Mahmudu. "Maua yako yamechelewa."

"Yamechelewa kweli."

Akaipachika mashine mgongoni, akakaza mikanda, kisha akabaki amesimama. "Nikimaliza hapa, mama... kule bondeni nimebakisha safu tatu."

Bi Hajira alimtazama yule kijana. Tumbo lake halikuwa limevimba, na miguu yake yote miwili ilikuwa imenyooka.

"Kinywa ulipewa cha kuombea," alisema. "Mwakani utaomba."

"Nitaomba."

"Maliza hapa kwanza."

Akaingia jikoni, akabandika uji wa watu wawili.