Stara ya Msabah

Jaku aliuondoa mfuko wa mchele kwenye mizani, akaurudisha nyuma ya meza bila ya kumtazama Usi usoni. Wanawake wawili waliokuwa wakichagua bizari waligeuza shingo. Usi alibaki kasimama katikati ya duka na gunia lake tupu, hajui alikunje au aliache lilivyo.

"Jaku, mchele wa harusi ya binti yangu Kidawa huo," alisema. "Tulishazungumza. Ntakulipa kidogo kidogo, kama siku zote."

"Tulizungumza kabla, Bwana Usi." Jaku aliishusha sauti, ingawa wanawake wale walikuwa wameshatega masikio. "Mtu kanyang'anywa gari kwa kushindwa kulipa, mimi ntamkopeshaje mchele wa karamu? Usinione mbaya. Huku Darajani hutopata duka litakalokuamini."

"Nani kasema nimenyang'anywa?"

"Msabah mwenyewe."

Usi alitoka nje bila ya kuaga. Lingetajwa jina la mtu mwingine yeyote, angelicheka. Msabah muuza magari alikuwa ndugu yake wa kujichagulia: wamesoma chuo kimoja cha Kurani, wamechapwa kwa bakora moja, na Usi alipooa, Msabah ndiye aliyemshika mkono kumpeleka kwa bibi harusi. Hata gari lile kuukuu Usi alilichukua kwa mkopo kwa sababu ya muuzaji, si kwa sababu ya gari. Hakulipekua. Nani anampekua ndugu yake?

Alilitumia kuchukua abiria wanaoshuka melini, na kila mwezi alipeleka malipo yake bila ya kukumbushwa. Halafu siku moja, penye kona ya Mnazi Mmoja, alikanyaga breki na mguu ukazama mpaka chini. Mungu alisaidia, gari likaishia uani mwa watu, ndani ya michongoma. Fundi alilala chini yake, akainuka akitikisa kichwa: breki zilikuwa zimefungwafungwa kwa waya kitambo, kabla gari halijauzwa.

Usi alilirudisha gari kwa mwenyewe. Alichagua saa ya mchana, watu wamelala, makusudi ili asimwaibishe. Msabah alimshika mikono yote miwili, machozi yamemlenga. "Gari nnalichukua, na deni nshalifuta. Lakini nisitiri, Usi. Watu wakijua, nshakwisha mimi. Ntalitengeneza mwenyewe." Usi akamsitiri. Kila aliyemuuliza gari liko wapi alimjibu, "Tumeelewana mimi na Msabah," na ustaarabu wa mji ukawazuia watu kuuliza zaidi. Alijiona muungwana hasa. Kumbe alikuwa kamwachia mwenzake nafasi ya kusema atakalo, naye kafungwa mdomo kwa ahadi yake mwenyewe.

Hasira ilimpeleka mpaka uani kwa Msabah. Gari lilikuwapo, limepakwa rangi mpya ya kijani, linang'aa. Kijana mmoja wa Fumba, aitwaye Borafya, alikuwa kakaa kwenye usukani, injini inanguruma. Nyuma alikaa mama yake, Bi Sichana, kajitanda kanga mpya kwa ajili ya safari.

Msabah alipomwona Usi hakushtuka. Alimkumbatia, akamvuta pembeni.

"Umekuja wakati mzuri. Mwambie kijana huyu gari zima. Akishanunua, nnakwenda mimi kwa Jaku kwa miguu yangu, namwambia nilikosea. Harusi ya Kidawa itapita vizuri."

"Breki umezitengeneza?"

Msabah alitazama barabarani. "Fumba hakuna vilima," alisema.

Usi alimtazama mtu huyu aliyemjua tangu wote wawili hawana meno ya mbele, akahisi ndiyo kwanza anamwona leo. Hakuumizwa tena na mchele. Aliumizwa na ule wepesi wake, kwamba Msabah aliweza kusema vile na mkono wake bado umo begani mwake. Neno moja tu, na mwanawe ataolewa kwa heshima, na maduka yatafunguka, na yeye atarudi kuwa Usi. Alilitafuta neno lile kooni, na hata lilikuwa karibu. Kisha akautoa mkono wa Msabah begani, akaliendea gari.

"Kijana, usilinunue. Halina breki. Nililirudisha mimi kwa sababu hiyo."

Borafya alimpima kuanzia kofia mpaka makubadhi. "Wewe ndiye Bwana Usi? Habari zako nshazipata bandarini. Mtu akinyang'anywa kitu, lazima akitie ila."

"Msamehe," alisema Msabah kwa sauti ya upole, ya huruma kabisa. "Kapata mtihani, maskini. Hajui anenalo."

Pale ndipo Usi alipojua ni kiasi gani kaibiwa. Angeweza kuapa, na kiapo chake kisingemfikisha popote. Aligeuka aondoke.

"We baba," aliita Bi Sichana kutoka nyuma.

"Naam. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani alikuwa humu, siku lilipokataa kusimama?"

Usi aliusogelea mlango wa gari. Hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe. "Binti yangu, bibi. Kakaa hapo hapo ulipokaa wewe. Nikamwambia anyamaze, nisimtie aibu mwenye gari."

Bi Sichana alimtazama bila ya huruma na bila ya hasira. Kisha akaikusanya kanga yake magotini.

"Nifungulie mlango."

"Mama!" Borafya alisema. "Watu wanatutazama."

"Na watazame. Nimesema nifungulieni."

Usi aliufungua mlango, akampa mkono. Bi kizee alikuwa mzito na miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, kwa hiyo hata aliposhuka hakumwachia. Walisimama hivyo uani, mkono katika mkono, wakimtazama Borafya aliyekuwa bado kaushika usukani, injini inawaka, hajui aende au azime.