Mume wa Plasta

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, dobi alipowafungulia mlango watu wa makumbusho na kuwaambia karibuni ndani. Mke wake alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia. Alikufa kwa homa kwenye benchi la hospitali, daktari akiwa semina. Semina ilihusu namna ya kupunguza foleni.

Walikuja watatu: dereva, mpakizi, na dada mmoja wa miwani mwenye kitambulisho shingoni. Yule dada alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, jambo lililompendeza dobi, akazungusha macho chumba kizima kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. Akasema ndicho hasa. Serikali, alieleza, ilitaka kuwaonyesha wananchi jinsi mfanyakazi wa kawaida wa mji mkuu anavyoishi, na vitu vya namna hii, vilivyotumika, vyenye jasho ndani yake, havipatikani dukani. Vingekaa makumbusho miezi sita tu, halafu vingerudishwa na gari hilohilo.

"Na siku ya ufunguzi, mzee wangu, utakaa mbele."

Dobi hakuwahi kukaa mbele popote. Tena wiki nzima alikuwa akikwepa kukitazama kikombe cha marehemu pale kabatini. Akasema sawa. Upande mmoja wa kitanda aliushika mwenyewe, na akawaonya kwamba kabati lina mguu mbovu, walishike kwa adabu. Viliondoka kitanda, meza, viti viwili, kabati, pazia lenye kiraka, birika, vikombe, pasi kuukuu ya mkaa, na shati lake la kijivu lililokuwa limening'inia msumarini. Alibaki na mkeka, ndoo za kazi, pasi ya umeme na nguo za watu.

Lilikuwa kosa la kitoto, maana hakuna asiyejua kwamba mfu hurudi saa ya magharibi, lakini harudi kwa mtu. Hurudi kwenye vitu vyake. Ndiyo maana mwenye akili zake hatoi kikombe cha marehemu nje ya nyumba kabla mwaka haujazunguka. Mama Pacha, jirani wa ukuta mmoja, alitunza hata kandambili za marehemu mumewe zilizokatika, na mumewe alikuwa akija kila jioni, anakaa kwenye benchi la uani na kulalamika kwamba redio haisikiki. Dobi aliwasikia wakibishana. Zamani aliwahi kumwonea Mama Pacha wivu kwa sababu bomba la maji lilichimbwa upande wake. Sasa aliona ule haukuwa wivu, ulikuwa mazoezi.

Marehemu wake hakuja. Dobi alinunua vikombe viwili vya plastiki, akachemsha chai kwenye sufuria, akakaa mkekani kusubiri. Chai ilipoa. Siku ya ufunguzi nayo ilikuja ikapita, hakuna aliyekuja kumwita, si mbele wala nyuma.

"Shemeji," Mama Pacha alimwita juu ya ukuta, "unamsubiri nani hapo? Mwenzio yuko mjini. Mume wangu kampita pale makumbusho, anapiga pasi."

"Anampigia nani?"

"Mimi nilikuwepo? Nenda kajionee. Ila usiende na hasira zako, kule kuna walinzi."

Jua likikaribia kuchwa, dobi alikata tiketi kama mgeni yeyote. Alipita chumba cha mawe na mifupa, akapita chumba cha viti vya watawala wa zamani, ambavyo vilikuwa vipana kupita makalio ya binadamu, akafika chumba cha tatu. Palikuwa na kibao. Dobi husoma polepole, herufi kwa herufi, kwa hiyo maneno yale yalimkalia muda mrefu kuliko yanavyowakalia waliosoma: MFANYAKAZI WA KAWAIDA, NYUMBANI KWAKE.

Nyuma ya kamba nyekundu kilikuwapo chumba chake. Pazia wamelitundika kichwa chini, kiraka kiko juu. Kwenye kiti chake ameketi mtu wa plasta, amevaa shati la kijivu, ana masharubu. Na mezani, amejifunga kanga yake ya siku zote, mkewe anapiga pasi shati la pili la yule bwana, anainyunyizia maji kola kwa vidole.

Katika ndoa yao yote pasi ilikuwa mali ya dobi. Mkewe hakuwahi kumnyooshea hata leso. Alikuwa akisema mganga hajigangi, haya, lakini dobi na ajifulie.

"Umefika," mkewe alisema bila kuinua macho. "Umekonda."

"Vaa viatu twende nyumbani."

"Nyumbani wapi? Kitanda kiko hapa, birika liko hapa. Huko nikakalie ndoo?"

"Na huyu ni nani?"

Mkewe alimtazama yule wa plasta kama mtu anayemtazama mpangaji asiye na matatizo.

"Nilimkuta. Kakalia kiti chako, kavaa shati lako. Nikasema labda umebadilika."

"Mimi nina masharubu?"

"Nilidhani ni huzuni."

Mama mmoja aliyekuja na watoto wake alimwomba marehemu ageuke kidogo, picha itoke vizuri. Marehemu akageuka. Mlinzi akamgusa dobi bega. "Mzee, kamba haiegemewi."

Tangu siku hiyo alikwenda kila jioni. Makumbusho yaliongeza saa za kufungua, na tiketi ya jioni ikawa ghali kuliko ya mchana, kwa kuwa mchana kulikuwa na samani tu. Wajane walilipa sawa na watalii. Wafanyakazi walikwisha kumpa yule sanamu jina, Bwana Plasta, na dobi naye akalitumia, kwa sababu adui asiye na jina humchosha mtu.

Kilichomuuma hakikuwa pasi. Pasi angeivumilia. Kilichomuuma ni mazungumzo. Mkewe alimhadithia Bwana Plasta habari za hospitali: jinsi benchi lilivyokuwa la baridi, jinsi binti mmoja asiyemjua alivyompa mtandio ajifunike, jinsi alivyokuwa akihesabu milango na kuukisia ule ambao mumewe angetokea. Siku ile dobi alikuwa amepeleka mashati ya watu wa semina, yalitakiwa kabla ya saa sita. Maneno ya mwisho ya mkewe hakuwa ameyasikia. Sasa aliyasikia amesimama nyuma ya kamba, katikati ya watu waliokata tiketi, yakiambiwa mwanamume mwingine.

Bwana Plasta alisikiliza vizuri. Hakumkatiza, hakutazama saa, hakusema "sasa ningefanyaje." Hilo dobi hakuweza kulipinga.

Akaenda kwa mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa mtu mpole, na wapole ndio wagumu. Alimkaribisha kiti, akamwagizia maji, akampa pole za msiba.

"Miezi sita imekwisha," dobi alisema. "Nataka vitu vyangu."

"Mzee, ile miezi sita ilikuwa ya vitu. Sasa kuna mama. Maonyesho yamekua."

"Vitu ni vyangu na mama ni wangu."

"Sasa ni vya taifa. Na wewe si ndiye taifa? Basi bado ni vyako." Mkurugenzi alitabasamu kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyemsaidia mwenzake kushusha mzigo.

Dobi alifikiri kidogo. "Basi mtoeni yule mniweke mimi. Kiti nakijua."

Ombi halikukataliwa. Wakubwa hawakatai, huunda kamati. Watu watatu walimkalisha kwenye kiti cha ukumbini, wakamtazama kwa mbele, kwa ubavu, wakamwambia aweke mikono magotini. Akaweka. Wakamwambia atulie. Akatulia kadiri alivyoweza. Dada wa miwani, ambaye alikuwa mmoja wa kamati, ndiye aliyemletea jibu, na aliviambia viatu vyake zaidi kuliko alivyomwambia dobi.

"Mzee wangu, tatizo ni uso. Unaonekana una manung'uniko. Mfanyakazi wa kawaida tunayemwonyesha ametulia."

"Ametulia kwa sababu ni plasta!"

"Ndiyo," alisema yule dada. "Kamati imeliona hilo."

Kiangazi kilipoingia maonyesho yalipelekwa nje ya mji, kwenye viwanja ambako watu huonyesha matrekta na pampu za maji, ili na wa pembezoni waone. Vitu vilipakiwa kwenye lori jioni. Mkewe alipanda mbele, Bwana Plasta katikati, dereva upande wake. Barabara ina mashimo, mambo ya wakubwa hayo, fedha ya lami wanajua wenyewe iliko, kwa hiyo mkewe alimshika Bwana Plasta mkono njia nzima asije akapasuka. Dobi alifuata kwa baiskeli, amefunga nguo za wateja nyuma. Vumbi lote la lori lile lilimwingia yeye, na mashati ya watu pia.

Huko, ndani ya hema la maonyesho, ndiko alikogundua kwamba Bwana Plasta amenenepa. Shati la kijivu lilikuwa limembana tumboni, na kifungo cha tatu, ambacho dobi alikishona kwa mkono wake kwa uzi mara mbili, kilikuwa kimeruka. Tena mkono wa kulia, ambao siku zote ulikuwa gotini, sasa ulikuwa juu ya meza, karibu na kikombe.

Alimwita mlinzi. "Huyu kasogea."

Mlinzi alikuja, akatazama. "Gundi imelegea, mzee. Joto."

"Na tumbo je?"

"Tumbo ni la chai. Mama anampa vikombe viwili kila jioni, na mkate. Sisi tulimwambia, hasikii."

"Anakula vizuri," mkewe alisema kutoka ndani, akikata mkate. "Wewe ulikuwa unakula umesimama, jicho liko kwenye pasi ya watu."

"Nilikuwa nakutafutia riziki!"

"Sijasema vibaya. Nimesema ulikuwa umesimama."

Dobi alirudi mjini akiisukuma baiskeli. Wateja walikuja kuchukua nguo zikiwa mbichi. Mmoja alimwambia, "Baba, dobi mwenye mapenzi ni hasara," na akahamia kwa dobi mwingine. Mama Pacha alimletea mkate juu ya ukuta, akamwambia shemeji, kula ukiwa umekaa. Alikuwa amesikia. Habari ya chumba cha tatu ilikuwa imekwisha kuenea, watu wa mtaani walikuwa wakikata tiketi kwenda kumtazama jirani yao, na waliporudi walimpitia dobi kumpa salamu za mkewe.

Maonyesho yaliporudi mjini ilitangazwa kwamba yatakuwa ya kudumu. Wakaalikwa wageni wakubwa. Jioni hiyo kuingia ilikuwa bure, kwa hiyo dobi aliingia bure. Walikuwapo wenye suti ambazo yeye mwenyewe alizifua, aliitambua moja kwa doa la wino lililokataa kutoka. Mkurugenzi alisema maneno mengi juu ya heshima ya mtu mdogo. Alipofika kwenye neno "mdogo" dobi aliinua kamba nyekundu akapita chini yake.

Mlinzi alimwona, akageuka kutazama dirisha. Yeye pia alikuwa na mke.

Bwana Plasta alikuwa mzito, na kwapa zake zilikuwa na joto, joto la mtu aliyetoka kuamka. Dobi alimkumbatia kiunoni, wakayumba pamoja kama walevi wawili, mpaka akafanikiwa kumlaza sakafuni. Kisha akakaa kwenye kiti chake. Kiti kilikuwa kimechukua umbo la yule mwingine na kilimchoma mgongoni. Wageni walipiga makofi. Mkurugenzi aliona wageni wanapiga makofi, naye akapiga.

Mkewe alisimama na birika mkononi, akamtazama wa kitini, akamtazama wa sakafuni. Akaliweka birika chini. Akamwinua Bwana Plasta taratibu, akijua pa kushika, akampeleka kitandani, akamlaza upande wa ukutani, ule wa dobi, akamfunika shuka mpaka mabegani. Ndipo akarudi mezani na kummiminia mumewe chai. Alimpa kikombe cha wageni.

"Twende nyumbani," dobi alisema kwa sauti ya chini. "Kuna vikombe. Nimenunua."

Mkewe aliwatazama wote kwa zamu: mumewe, mkurugenzi aliyeshika maikrofoni, dada wa miwani, wale wa suti. Kisha akauliza swali moja, bila ukali, kama mama anayekuta sahani imevunjika.

Tangu hapo hulirudia kila magharibi, watu wakijaa. Dobi, ambaye saa ya kufunga ikifika hutolewa pamoja na wageni wengine, humtazama mkurugenzi. Mkurugenzi humtazama dobi. Dada wa miwani huvitazama viatu vyake. Bwana Plasta, aliyerudishwa kitini na kushonewa kifungo kipya, hutazama mbele, ametulia. Wageni hudhani ni sehemu ya maonyesho, na wengine humuuliza mlinzi kama kesho mama atauliza tena. Naye huuliza tena, ameshika birika, chai ikitoa moshi:

"Hivi, kati yenu, nani aliniweka hapa?"