Wa Bluu Mmoja Katika Wanne

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, kule Butiama, na hesabu niliyoipenda ni ya kugawanya. Labda ndiyo maana maneno ya Kanji yaliniingia haraka.

Kanji alikuwa na duka la vitambaa hapa Musoma, na nilimfulia nguo miaka kumi na moja. Mwaka 1983 duka lake lilibaki na rafu tupu na kalenda ukutani, akahama na familia yake. Aliniachia tundu lenye kasuku wawili, wale wadogo wa kufugwa ndani, wanaozidi shomoro kidogo tu kwa mwili. Wote kijani, kichwa cha manjano chenye mistari myeusi. Dume unamjua kwa ile ngozi juu ya mdomo, yake ni ya bluu. Ya jike ni kahawia kama ganda la karanga. Alinionyesha kuwapa ulezi, maji safi, na ganda la yai lililosagwa. Halafu akasema, "Hawa kwa macho ni kijani, lakini ndani wamebeba bluu. Baba zao wote wawili walikuwa bluu. Wakizaa wanne, mmoja atatoka bluu."

Nilicheka kimoyomoyo, lakini hesabu nikaishika. Nikabeba tundu langu mpaka nyumbani, Kitaji.

Sasa nieleze nyumba yangu. Sikujaliwa mtoto. Mume wangu alipofariki nilipeleka ng'ombe kwa wazazi wa Wankyo, nikamwoa kama desturi yetu inavyoruhusu, mwanamke kwa mwanamke, ili watoto atakaozaa waitwe wa nyumba yangu. Mwanamume wa kuzaa naye nilimchagua mimi: Magesa, mkulima wa pamba wa Nyasura, Bunda. Mtu mwenye shingo kama gogo, hajawahi kulala kitandani kwa homa. Huja, huondoka, na hadai watoto.

Wankyo mzima, Magesa mzima, na mtoto wao Bernado alizaliwa mnono Desemba 1981. Alipofika miezi minane viganja vikavimba. Macho yakawa ya njano. Akawa analia usiku na mchana, ukimgusa mguu anajikunja. Tulimpeleka Butiama kwa wazee. Wakasema jina limemkataa, marehemu mwingine anataka kuitwa. Tukambadilisha jina mara mbili, tukachinja mbuzi, na kila mara zilipita siku tatu au nne kabla hatujakumbuka hospitali. Mwishowe muuguzi mmoja, Pelagia, alituketisha akasema ni sikoseli, ugonjwa wa damu. Baba ameubeba na mama ameubeba, wenyewe hawaumwi, ila wakikutana, katika wanne mmoja anaupata.

Bernado alifariki Mei 1984, miaka miwili na miezi mitano.

Mwezi uliofuata jike alitaga mayai manne ndani ya chungu kidogo nilichokitoboa ubavuni. Vifaranga walitoka uchi, wamefumba macho, wekundu kama kidole kilichoungua. Wiki mbili baadaye manyoya yakaanza kuchomoza. Watatu kijani. Mmoja bluu, bluu ya ziwa saa nne asubuhi.

Nilikaa chini sakafuni. Kanji na Pelagia hawakuwahi kuonana, na wamesema neno moja. Nikaona mpango wote mbele yangu: wetu wa bluu alikuwa Bernado. Amekuja, amekwenda. Watatu waliobaki ni kijani.

Nilimweleza Wankyo. Yeye akasema, kwa sauti ya chini, kwamba angependa mwanamume mwingine. Kuna seremala kule Buhare, mtu mtulivu, na desturi haikatazi. Nilikataa. Nikamwambia tukibadilisha mwanamume tutaanza kuhesabu upya, huenda naye ameubeba, ndiyo tupate wa bluu mwingine. Kwa Magesa ubaya umeshatoka. Wankyo aliinama akaendelea kufua.

Kufika Agosti 1985 mimba yake ilikuwa ya miezi mitano. Maduka yalikuwa yameanza kujaa tena, sabuni za rangi tatu, betri za redio, vitenge. Watu wakitembea mjini wanaangalia rafu kama wageni. Na kasuku wangu alikuwa na mayai matano.

Wa kwanza alitoa manyoya ya bluu. Nikasema vizuri, ametangulia, sasa kijani. Wa pili akatoa bluu. Nikampeleka mlangoni kwenye mwanga, nikalowesha kidole nikamsugua mgongoni, mtu mzima na akili zangu, nikidhani rangi itatoka. Wa tatu kijani. Wa nne bluu. La tano halikuanguliwa.

Nilikwenda hospitali kwa miguu, kifaranga mmoja wa bluu nimemfunga kwenye pindo la kanga. Pelagia hakunicheka. Alichukua maharage, mekundu na meupe, akaweka jekundu moja na jeupe moja kwenye kiganja chake cha kulia, ndiye baba, na vivyo hivyo cha kushoto, ndiye mama, jeupe likiwa ugonjwa, akanifumbisha macho nichague moja kila upande. Nikapata meupe mawili. Akayarudisha. Nikapata meupe mawili tena.

"Unaona, bibi. Kila mimba inaanza mwanzo. Haijui ile iliyotangulia ilipata nini."

Nikamwuliza kama tunaweza kupima sasa hivi, tumboni. Akasema hapana. Hata akizaliwa, dawa ya kupimia imekwisha, wanaiulizia Mwanza. Tutazame vidole tu.

Wankyo nilimkuta jikoni anachambua dagaa, anatoa kokoto moja moja. Nilimwambia yote, la Kanji, la maharage, na kwamba kosa ni langu. Aliuweka ungo chini.

"Mama, uliwauliza ndege. Mimi nilikuwaga hapa hapa jikoni."



Tereza alizaliwa Desemba. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, nilishika vidole vyake kimoja kimoja, kumi vya mikono na kumi vya miguu. Mwezi wake wa nne, vizuri. Wa tano, vizuri, anacheka nikimtekenya. Wa sita nikaanza kulala vizuri kidogo, na nikajichukia kwa kulala.

Jumanne moja ya Julai alijikunja nilipomgusa. Kidole cha kati cha kushoto kilikuwa kama kimeumwa na nyuki. Cha pembeni yake vilevile. Nikashika mkono wa kulia, vitatu. Nilitaka kusema labda ni wadudu. Nilipoinua macho Wankyo alikuwa amesimama mlangoni, ameshaona.

Hatukumpa jina jingine. Hatukumwita mtu kutoka Butiama. Nilijaza chupa maji yaliyochemshwa, nikatafuta blanketi kwa sababu Pelagia alisema baridi ni mbaya kwao, Wankyo akamfunga mgongoni, tukatoka jua halijachomoza vizuri. Nyuma yetu kasuku walikuwa wanapiga kelele. Sikuwa nimewapa ulezi.

Tulipita maduka yaliyofungwa. Mtoto aliliaga kidogo, ananyamaza, analia. Karibu na geti la hospitali Wankyo aliuliza, bila kugeuza shingo, "Na anayefuata, Mama, utasema atakuwa rangi gani?"

"Sijui," nikamwambia. "Na baba yake utamchagua wewe."

Wankyo alimsogeza Tereza juu kidogo mgongoni, akaingia mbele yangu.