Vidonge vya Nsimire

Nsimire alipoanza kupumzika katikati ya ngazi za nyumba yao ya West Side, mjini Buffalo, Marekani, mumewe Theogene alimpeleka hospitali. Picha zilionyesha makovu kwenye mapafu.

"Kovu halifutiki," daktari alimwambia kupitia mkalimani. "Ila kuna sehemu zimevimba tu, hazijawa kovu. Kuna dawa ya homoni inayoweza kuzituliza. Watu wenye makovu ya aina fulani huwadhuru, ila yako si ya aina hiyo. Lakini una sukari, na itapanda. Mifupa itadhoofika, na magonjwa yatakupata kirahisi. Tukijaribu, tutapima pumzi kisha tuamue tena."

Jumapili Nsimire aliwapigia ndugu zake simu ya pamoja. Paluku, kaka yake wa Louisville, hakusita. "Meza, dada. Bila pumzi hakuna kitu."

Gracieuse, mdogo wao, anafanya kazi ya kulea wazee Columbus. "Yaya, dada yangu mkubwa, hiyo dawa naijua. Bibi mmoja aliyeimeza aliinama kuvaa kiatu, mgongo ukavunjika. Donc, kwa hiyo kataa."

Wakabishana mpaka Nsimire akakata simu. Jioni hiyo alimwambia Theogene, "Nataka kumbeba mjukuu wangu bila kuhema. Nitajaribu."

Baada ya wiki chache alipanda ngazi bila kusimama. Lakini sukari ilipanda mpaka akaanza kujidunga insulini, usingizi ulimpaa, na uso ulimvimba. Kanisani mama mmoja alimpongeza kwa kunenepa. Nsimire alitabasamu, akarudi nyumbani, akaacha vidonge kimyakimya.

Siku chache baadaye Theogene alimkuta sakafuni jikoni, ametapika, hawezi kusimama.

Hospitalini daktari alieleza tena, taratibu zaidi. Anayeipata homoni hiyo kwenye vidonge kwa wiki kadhaa, mwili wake huacha kuitengeneza. Ukikatisha ghafla, unabaki bila kitu. Dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo.

Gracieuse alifika na gari kutoka Columbus.

"Bon, haya, sema sasa," Nsimire alimwambia. "Ulikataza."

"Sikuja kwa hilo. Mbona hukunipigia kabla ya kuacha?"

"Ningekupigia nikuambie nini? Wewe ungeshangilia. Paluku angenigombeza."

Gracieuse alikaa kitandani, akamshika mguu juu ya shuka.

Kipimo cha pumzi kilipofika, kilikuwa kimepanda kidogo. Makovu yalikuwa yaleyale. Daktari akampangia kushuka hatua kwa hatua hadi dozi ndogo, na vidonge vya kulinda mifupa. Safari hii Nsimire aliuliza maswali yake yote, hata la uso kuvimba, Theogene akiwa pembeni yake.

Insulini bado anajidunga. Gracieuse humpigia asubuhi kabla ya kuingia kazini, huuliza amelalaje na kama amemeza, na hasemi zaidi ya hapo.